Mvua, Ukungu na Ubwiri: Historia ya Kutenganisha Magonjwa Mawili ya Mzabibu, kutoka Bordeaux hadi Dodoma

Neno ukungu katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaa jirani. Ni mvuke mzito unaotanda juu ya mabonde alfajiri, na pia ni uoto mwembamba unaojitokeza juu ya mkate uliokaa siku nyingi, ngozi iliyolowa au jani lenye maradhi. Ujirani huo umezaliwa na uzoefu: watu waliona kwamba unyevu ukidumu, kitu huota. Kwa mkulima wa mzabibu, hata hivyo, uzoefu huo ni kweli nusu tu. Magonjwa mawili makuu ya mmea huo, ambayo katika mazungumzo ya kawaida yote huitwa ukungu, hayaitikii mvua kwa namna moja. Mmoja hauwezi kuanza pasipo maji. Mwingine hustawi hata jani likiwa kavu. Dawa inayotibu huu haiufai ule. Makala haya yanafuatilia jinsi wakulima na wataalamu wa Ulaya walivyojifunza kuyatenganisha magonjwa hayo katika karne ya 19, na yanaangalia hali ya istilahi za Kiswahili panapolimwa zabibu Tanzania.

Unga mweupe na salfa

Mwaka 1845, Edward Tucker, mtunza bustani wa Margate nchini Uingereza, aliona unga mweupe juu ya mizabibu iliyokuzwa ndani ya nyumba ya vioo. Miles Joseph Berkeley, kasisi aliyekuwa pia mtaalamu wa kuvu, aliupa uoto huo jina la kisayansi kwa kumkumbuka Tucker: Oidium tuckeri. Baada ya miaka michache ugonjwa ulikuwa umeenea Ufaransa. Mavuno ya mvinyo ya nchi hiyo, ambayo kabla ya janga yaliwahi kuzidi hektolita milioni 40 kwa mwaka, yalishuka mwaka 1854 hadi takriban milioni 11. Wokovu ulipatikana katika salfa ya unga, iliyopulizwa juu ya majani na vichala. Henri Marès wa Montpellier alikuwa miongoni mwa walioieneza mbinu hiyo kwa bidii.

Inafaa kukumbuka mahali ugonjwa ulipoonekana kwanza: chini ya paa la vioo, ambako mvua hainyeshi. Spora za kuvu huyu huota bila tone la maji juu ya jani, na mvua kubwa huweza hata kuziosha. Zinachopenda ni joto la wastani, kivuli na hewa yenye unyevunyevu. Lakini somo lililobaki vichwani mwa wakulima halikuhusu hali ya hewa. Lilikuwa fupi zaidi: ukiona weupe juu ya mzabibu, tia salfa.

Ugonjwa wa maji

Somo hilo lilijaribiwa baada ya janga jingine. Mdudu filoksera, aliyetambuliwa mwaka 1868 na Jules-Émile Planchon na wenzake, alikuwa akiharibu mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Dawa yake ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani, na miche ikaagizwa kwa wingi kuvuka Atlantiki. Mwaka 1878 ugonjwa mpya wenye asili ya Marekani ulionekana katika mashamba ya Ufaransa. Nao ulikuwa na weupe, lakini weupe huo ulikaa upande wa chini wa jani, mfano wa pamba laini, huku upande wa juu ukionyesha mabaka ya njano kama matone ya mafuta.

Maisha ya kiini cha ugonjwa huu yamefungwa na maji kila hatua. Hupita majira ya baridi ndani ya majani yaliyoanguka. Mvua ya machipuko inapolowesha udongo, hutoa spora, na matone yanayoruka kutoka ardhini huzipeleka kwenye majani ya chini. Juu ya jani lililolowa, spora hizo huachia chembe zenye mikia ambazo huogelea, kwa maana halisi ya neno hilo, hadi kwenye vitundu vya kupumulia vya jani na kupenya humo. Siku kadhaa hupita bila dalili, chache kukiwa na joto na nyingi kukiwa na baridi. Kisha usiku mmoja wenye unyevu mwingi uoto mweupe hujitokeza, na mvua au umande unaofuata huanzisha mzunguko mpya. Jani lisipolowa, chembe hizo hazina njia.

Salfa haikuufaa ugonjwa huu. Njia ilionekana kando ya barabara. Katika eneo la Médoc, wakulima walikuwa na desturi ya kunyunyizia mizabibu iliyo karibu na njia mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili wapita njia wadhani una sumu na wasiibe zabibu. Mwaka 1882 Alexis Millardet, profesa wa botania katika Chuo Kikuu cha Bordeaux, alipokuwa Saint-Julien aliona kwamba mizabibu hiyo ilikuwa na majani yake yote, ilhali ya katikati ya shamba ilikuwa imepukutika. Akishirikiana na mkemia Ulysse Gayon, alifanya majaribio na kuyatangaza matokeo mwaka 1885. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama bahati tupu, nao usimulizi huo unamwonea Bénédict Prévost, ambaye tangu mwaka 1807 alikuwa ameonyesha huko Montauban kwamba shaba huzuia spora za ugonjwa wa ngano zisiote. Maarifa yalikuwepo kwa miaka zaidi ya sabini. Yalikosa shamba la kuyapokea.

Mrututu hauponyi jani lililokwisha kuingiliwa. Kazi yake ni kulinda, hivyo ni lazima utangulie mvua. Kuanzia hapo swali la wataalamu likageuka: si dawa gani tena, bali lini. Mwanzoni mwa karne ya 20, Karl Müller wa Baden, Ujerumani, alitengeneza kalenda ya kukadiria siku kati ya maambukizo na kujitokeza kwa uoto, kulingana na joto. Italia ilipata kanuni ambayo mkulima angeweza kuikumbuka bila karatasi, ile ya 10 tatu: machipukizi yenye urefu wa sentimita 10, joto lisilopungua nyuzi 10 za selsiasi, na mvua isiyopungua milimita 10 ndani ya siku moja au mbili. Gharama ya kuchelewa ilikuwa inajulikana. Mwaka 1910 majira ya mvua nyingi yaliangamiza mavuno katika maeneo mengi ya Ufaransa, na shida hiyo ilichangia ghasia za wakulima wa Champagne mwaka 1911. Mwaka 1915 mvua ilirudi, na safari hii wanaume walikuwa vitani.

Majina

Wafaransa waliyapa magonjwa haya majina yasiyofanana hata kidogo. Ule wa salfa ni oïdium. Ule wa mrututu ni mildiou, neno lililokopwa kutoka Kiingereza. Wakulima wa Kijerumani wana jozi rasmi, Mehltau wa kweli na Mehltau wa uongo, lakini shambani wengi husema Oidium na Peronospora, na hivyo huepuka mkanganyiko. Kiingereza kilibaki na nomino moja, mildew, ambayo ndani yake mna neno la umande, na kuitofautisha kwa kivumishi.

Istilahi za kilimo za Kiswahili zimefuata muundo wa Kiingereza: ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Kwa picha ni istilahi nzuri. Kila moja inasema kinachoonekana juu ya jani. Udhaifu wake ni kwamba sehemu inayobeba tofauti ndiyo inayodondoka kwanza katika matumizi. Isitoshe, ubwiri una historia yake. Kusini mwa Tanzania umejulikana sana kupitia mikorosho, na huko mwenzi wake ni salfa. Neno likisafiri kutoka Mtwara hadi Dodoma bila kivumishi chake, husafiri na dawa yake.

Dodoma ndipo jambo hili linapokuwa na uzito. Mkoa hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mzabibu, uliofikishwa huko na wamisionari wa Kikatoliki, huzaa mara mbili: zao moja hukomaa masika, jingine katika kiangazi. Hakuna baridi ya kuulaza mmea. Katika kanuni ya Italia, sharti la joto hutimia Dodoma siku zote, kwa hiyo mvua na muda wa jani kukaa limelowa hubaki kuwa vipimo vyenye maana. Zao la masika hukabiliwa na ubwiri vinyoya, pamoja na chule na uozo wa vichala. Zao la kiangazi huona zaidi ubwiri unga. Ni shamba lilelile, mkulima yuleyule, na hitaji la dawa mbili tofauti ndani ya mwaka mmoja.

Tangazo la hali ya hewa linalomwambia mkulima huyo kwamba mvua zitaleta ukungu halijamwambia anunue nini. Likisema ubwiri vinyoya, na kutaja kwamba dawa ya shaba hupulizwa kabla ya mvua, limesema yote anayohitaji kwa sentensi moja. Jina fupi zaidi lingewezekana: ubwiri maji kwa ule wa masika, na ubwiri unga ubaki ulivyo, ili majira yenyewe yawemo ndani ya istilahi. Mrututu hauhitaji istilahi mpya. Neno hilo limo katika Kiswahili tangu zamani, na dawa za shaba si ngeni kwa wakulima wa kahawa wa kaskazini, wanaopambana na chulebuni.