Kahawa ya Garissa: Tangu Kinu cha Mti Hata Kinu cha Umeme

Itajwapo kahawa ya Kenya, fikira za wengi huelekea Kiambu, Nyeri na Kirinyaga, nazo hazikupotea njia, maana huko ndiko mbuni unakostawi na ndiko magunia yanakotoka. Lakini ni nadra mtu kukumbuka kwamba katika upande wa kaskazini-mashariki wa nchi hiyo hiyo, tangu ukingo wa Mto Tana pale Garissa hata Wajir na Mandera, wafugaji walikuwa wakila na kunywa kahawa kabla ya mche wa kwanza kutiwa katika udongo wa Kenya. Mche huo ulipandwa na mapadri Wafaransa mwaka 1893 mahali paitwapo Bura, nayo ni Bura ya milima ya Taita, si hii Bura jirani yetu ya bondeni mwa Tana, ambayo kwa joto lake haioteshi mbuni hata ikiombewa dua. Garissa yenyewe ipo kiasi cha mita 150 tu juu ya bahari, ilhali buni ya arabika hupenda nyanda zinazopita mita 1,400. Kwa hiyo kila punje ya kahawa iliyopata kufika kwetu imefika kwa safari, mgongoni mwa ngamia, chomboni au garini, na safari hiyo ndiyo iliyoamua namna ya kuihifadhi, kuikaanga na kuisaga.

Nimependa kuieleza habari hii kwa ajili ya swali moja la siku hizi. Nyumba nyingi za mjini zimepata umeme, wenye wasaa wamerudia kutengeneza kahawa jikoni mwao, na mara kwa mara huwasikia wakiulizana ni kinu gani cha umeme kinachofaa kununuliwa, cha kisu au cha meno, cha bei kali au cha bei ya kadiri. Majibu aghalabu hutoka kwa wauzaji, na wauzaji huzungumza kana kwamba kusaga kahawa kulianza siku ile mashine ilipotiwa ndani ya sanduku. Aijuaye historia ya kahawa ya kwetu hatahitaji kuambiwa mengi dukani.

Asili ya kahawa yote ya arabika ni misitu ya kusini-magharibi ya Uhabeshi, na toka huko ilienea kwa njia mbili zinazotuhusu sisi. Njia ya kwanza ilikwenda mashariki hata Harar, mji wenye kuta ambao Mwingereza Richard Burton aliuingia mwaka 1855 na kuikuta biashara yake ya buni imekwisha kuwa kongwe, na toka Harar misafara iliteremka pwani ya Wasomali, Zeila na Berbera, ikavuka maji hata Yemeni. Njia ya pili ilishuka kusini, katika nchi za Waguji na Waborana, ambako Wakonso na Waburji, watu wa milimani wenye kulima, waliwapelekea wafugaji buni na kurudi na mifugo na chumvi. Na biashara hiyo ndiyo iliyokuja kuufanya mji wa Moyale kuwa mlango wa kahawa kwa upande wote wa kaskazini.

Kutoka Yemeni kahawa ilirudi tena kwetu, safari hii ikiwa imevaa joho la dini. Sheikh Ali bin Umar al-Shadhili, aliyefariki Mokha mwaka 1418, hutajwa na wengi kuwa ndiye aliyewafundisha wafuasi wake kunywa kahawa wapate kukesha katika dhikiri, na ingawa liwali wa Makka aliipiga marufuku mwaka 1511, marufuku hiyo haikudumu. Tarika ya Kadiria ilipoenea katika nchi za Wasomali, kahawa ilifuatana nayo, na mpaka leo wako wazee ambao hawainui kikombe bila ya kumsomea Fatiha Sheikh Shadhili. Haya nayasisitiza kwa sababu kinywaji chenye sharafu ya namna hiyo hakitayarishwi kwa pupa.

Lakini kabla ya kunywewa, kahawa kwetu ililiwa. Waborana, pamoja na jamaa zao Waorma wa Tana, waliitia katika samli, na Wasomali wengi wa kusini walifanya vivyo hivyo, wengine kwa mafuta ya ufuta. Hutwaliwa tunda zima la buni lililokauka na ganda lake. Mwenye kulitayarisha hulivunja ncha kwa meno, moja baada ya moja, ili moto upate mahali pa kuingilia. Kisha samli hutiwa chunguni mpaka iwe moto sana, na matunda humiminwa humo kwa mkupuo. Ganda hupasuka kwa mlio, moshi wenye harufu tamu hujaza nyumba, na wazee waliokaa mlangoni huanza kuomba: mvua, amani, uzazi wa watu na wa mifugo. Buni hupakuliwa pamoja na maziwa, hutafunwa taratibu, na samli iliyobaki hupakwa usoni, mikononi na nywelini. Kwa Waborana ibada hii ilisimama mahali pa mnyama wa kuchinjwa, na mtaalamu Mario Aguilar, aliyeishi na Waborana wa Garba Tulla na kuandika habari zao, ameonyesha jinsi ilivyodumu majumbani hata baada ya wengi wao kusilimu. Hapana kinu katika mapishi hayo, wala hapana haja yake.

Jambo hilo lina maana yake. Tunda lililokauka na ganda hukaa muda mrefu bila kuharibika. Buni iliyomenywa lakini haijakaangwa hukaa pia. Iliyokaangwa hukaa majuma machache. Iliyosagwa huanza kupoteza harufu yake papo hapo, kwa kuwa kila punje iliyovunjwa imefungua nyuso nyingi mpya kwa hewa. Mfugaji aliyekuwa na safari ya siku ishirini baina ya kisima na kisima hakuwa na sababu ya kubeba unga. Alibeba buni nzima ndani ya mfuko wa ngozi, na alipotaka kahawa ya kunywa alitoa konzi moja, akaikaanga, akaitwanga, akaichemsha saa ile ile. Wajuzi wa Ulaya na Marekani wanaohubiri leo kwamba buni isagwe dakika ile ya kutengenezwa, wanahubiri sunna iliyofuatwa zamani katika vibanda vya mikeka vya wahamaji.

Kutwanga kwenyewe kulikuwa ni elimu. Kinu cha kahawa ni kidogo, hukamatwa kwa magoti, na mchi wake ni mfupi. Mama aliyezoea hapigi kwa nguvu tu: huanza kwa kuponda polepole ili punje zisiruke, kisha hugeuza mchi na kusugua ukutani mwa kinu, kisha hugonga mdomo wa kinu ili mapande yaliyopanda juu yashuke chini tena yapigwe. Tangawizi kavu na iliki hufuata mwishoni. Akimaliza, hutwaa chembe kidogo baina ya kidole gumba na cha shahada na kuzisugua, na kwa kidole hicho hujua kama kazi imekwisha. Alitafuta usawa, yaani chembe zote ziwe za kadiri moja, na kila kilichobuniwa baadaye katika fani hii, cha shaba, cha chuma au cha umeme, kilibuniwa ili kuupata usawa huo kwa taabu kidogo zaidi.

Utawala wa Kiingereza ulipokuja, ulizifunga nchi hizi. Sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za mbali ilimkataza mtu kuingia au kutoka bila ya kibali. Mwaka 1925 Jubaland, pamoja na bandari yake ya Kismayu, ikakabidhiwa kwa Wataliani, na ng'ambo ya pili ya mpaka ikawa nchi ya kigeni. Na sheria ya mwaka 1934 ikazidi kukaza kamba. Biashara ya maduka ilikaa mikononi mwa Wasomali wa kaumu za Isaaq na Herti na Waarabu wa Yemeni waliofuatana na serikali, na maduka yao yalileta majani ya chai na sukari. Chai haikutaka kukaangwa wala kutwangwa, ilipatana na maziwa ya ngamia kupita kiasi, na baada ya vita vya pili vya dunia ilikwisha kuwa ndiyo mfalme wa kila nyumba. Rai yangu ni kwamba chai iliishinda kahawa kwa wepesi wake, wala si kwa ladha. Kisha ikaja kahawa ya mkebe, ile ya kukorogwa katika maji moto, iliyotolewa Uswisi na Nestlé mwaka 1938, na aliyetaka kahawa akaridhika na kijiko. Vita vya hapa kaskazini-mashariki vya miaka ya 1963 hata 1967, na sheria za hali ya hatari ambazo hazikufutwa mpaka 1991, zilizidi kuufanya mpaka kuwa mahali pa khofu, na buni ya Uhabeshi ikawa kitu cha kupita usiku.

Mwaka ule ule wa 1991 Somalia ilivunjika, na kambi za Dadaab zikaanza kufunguliwa katika jimbo letu: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Miongoni mwa waliohifadhiwa humo walikuwamo Wahabeshi, nao walikuja na birika zao za udongo zenye shingo nyembamba, ubani wao, na desturi ya kukaanga buni mbele ya mgeni. Kwa hiyo harufu iliyokuwa imepungua sokoni ilirudi kwa mikono ya wakimbizi, jambo ambalo wanaohesabu hasara za ukimbizi peke yake hawalitaji.

Umeme nao ulikuwa na safari yake. Garissa iliishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi mpaka nyaya zilipofika kutoka Kindaruma kupitia Mwingi, na mwezi wa Desemba 2019 kikafunguliwa karibu na mji kituo cha umeme wa jua cha megawati 54.6 kilichoenea katika hekta 85. Jua lile lile lililotunyima mbuni sasa lingeweza kutusagia buni.

Kinu cha mkono chenye meno kilikuwa kimekwisha kufika mbali zamani: ndugu wa Peugeot, wa Ufaransa, walianza kukitengeneza mwaka 1840, kabla ya jina lao kujulikana kwa magari, na kampuni ya Hobart ya Ohio ikaunganisha mota na kinu cha kahawa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya maduka. Vya nyumbani vikafuata.

Leo viko vya namna mbili. Cha kwanza kina kisu kinachozunguka chini ya kikombe. Hicho hakisagi, hukatakata, na mwisho wake ni vumbi na mapande katika chombo kimoja, vumbi likitoa uchungu na mapande yakitoa uchachu. Mama wa kinu cha mti angelikirudisha dukani. Cha pili kina meno mawili ya chuma au ya kauri, moja limetulia na jingine linazunguka, na punje haipiti mpaka iwe ndogo kuliko nafasi iliyo baina yao, ambayo mwenye kinu huikaza au kuilegeza apendavyo. Nayo ni kanuni ya mawe mawili ya kusagia nafaka. Meno hayo huwa bapa au ya umbo la pia, na kwa nyumba za kwetu ninayapendelea ya umbo la pia, kwa kuwa vinu vyake vingi huzunguka polepole, kiasi cha mizunguko 500 kwa dakika, na katika mji ambao joto la mchana hupita digrii 35 haifai kuiongezea buni joto jingine.

Tahadhari mbili zinatuhusu sisi hasa. Jamaa zetu walioko Minneapolis na Columbus hutuma zawadi kwa moyo mkunjufu, lakini mashine ya Marekani imeundwa kwa volti 120, na umeme wa Kenya ni wa volti 240. Ikichomekwa ukutani bila ya transfoma huungua siku ya kwanza. Pili, wauzaji husifu vinu vyenye vipimo vingi vya unga laini mno, ambavyo vinahitajika kwa mashine za Kitaliani za kukamua kahawa kwa msukumo wa maji moto. Kahawa yetu huchemshwa katika birika au dele, na inataka unga wa wastani, ulio sawa, utakaotua chini. Kulipia zaidi ya hapo ni israfu.

Mwenye kunywa kikombe kimoja alfajiri kinamtosha kinu cha mkono chenye meno, nacho hakijali umeme ukikatika. Mwenye aila na wageni anunue cha umeme chenye meno ya umbo la pia, cha volti 240, ambacho meno yake ya akiba yanapatikana Nairobi. Akisafishe kwa brashi kila juma, asitie humo buni iliyopakwa samli, na tangawizi na iliki aendelee kuzitwanga kwenye kinu cha mti, maana nyuzi za tangawizi hunasa katika meno, na harufu ya iliki ikishaingia humo haitoki tena.