Barakoa

Kabla ya Machi 2020, barakoa lilikuwa neno la Pwani. Lilitaja vazi la uso la wanawake wa Oman na Zanzibar, lililofunika paji na pua na kuacha macho wazi. Asili yake ni Kiarabu. Korona ilipoingia, Watanzania walilichukua likiwa tayari. Huku Malili, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, tulisema maski, tukawaachia wasomaji wa habari barakoa yao.

"Maski juu!" Utingo alipaza sauti kabla mlango haujafunguka, maana faini ilifika hadi shilingi 20,000. Abiria aliipandisha kutoka kidevuni, akalipa nauli, akaishusha tena. Nyingi zilikuwa za kitambaa, zimeshonwa mtaani, mpira umelegea kwa kufuliwa kila jioni. Wachuuzi wa matunda waliokimbilia madirisha ya magari walikuwa na hofu mbili: kikohozi cha msafiri, na kafyu kuwakuta ndoo bado imejaa. Sidhani ya kwanza iliwahi kushinda.

Mimi napendelea barakoa, wala si kwa kujidai Mswahili kuliko wengine: maski lina kazi nyingine, ya ngoma na ya maigizo. Ila tusiseme "mabarakoa". Ni barakoa hii, barakoa hizi. Kenya iliondoa amri ya kuivaa mahali pa wazi hadharani Machi 2022, lakini neno limebaki. Kamusi yoyote mpya sasa ina deni la maana ya pili.