Dhahabu ya Kilo-Moto: zaidi ya miaka mia moja, Ituri ilibaki na nini?

Mwaka 1903, watafuta madini wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliokuwa wakifanya kazi kwa ajili ya dola ya mfalme Leopold wa Pili, waliona chembe za dhahabu katika kijito cha Agola, eneo la Kilo. Miaka miwili baadaye uchimbaji ukaanza. Tangu hapo hakuna serikali iliyotawala Ituri ambayo haikuitegemea dhahabu hiyo, na hakuna vita vilivyopita hapa ambavyo havikuifuata.

Leo familia nyingi kutoka vilima hivyohivyo vya wilaya ya Djugu zinaishi chini ya mahema mjini Bunia, katika kambi kama Kigonze na ISP. Swali linaloulizwa sana kambini na sokoni ni jepesi kulitamka: ikiwa ardhi yetu ni tajiri hivi, kwa nini sisi ni maskini hivi? Kulijibu kunahitaji kurudi nyuma na kuangalia kila kipindi: nani alichimba, nani alilipwa, na kitu gani kilibaki.

Wakati wa Wabelgiji: kazi ya nguvu na ukuta wa Budana

Mwanzoni mgodi ulikuwa mali ya dola yenyewe. Baada ya Kongo kuwa koloni la Ubelgiji mwaka 1908, serikali iliendelea kuchimba Kilo, na machimbo ya Moto, upande wa Watsa, yakaongezwa. Tarehe 8 mwezi wa pili 1926 ilianzishwa Société des Mines d'Or de Kilo-Moto, kampuni ambayo serikali ya koloni iliendelea kuwa na sehemu kubwa ndani yake.

Watu hawakwenda mgodini kwa kupenda. Kila mwanaume alitakiwa kulipa kodi ya kichwa kwa pesa, na pesa zilipatikana hasa kwa mzungu. Machifu waliamriwa kutoa vijana, na aliyekataa kutoa aliweza kunyang'anywa kiti chake. Kabla ya barabara za magari, mizigo ilibebwa kichwani kutoka ziwa Albert hadi Kilo. Vijiji vilivyo mbali na mgodi navyo vililazimishwa kulima chakula cha wafanyakazi, na samaki wa ziwa walipandishwa mlimani kwa ajili ya posho. Kwa njia hiyo mgodi uliitumikisha nchi yote iliyouzunguka, hata wale ambao hawakuwahi kushika sururu.

Halafu kulikuwa na sheria moja iliyoumiza kuliko nyingine: mwenyeji hakuruhusiwa kuwa na dhahabu ghafi. Kuokota chembe katika mto wa babu yake kulikuwa wizi. Dhahabu iliondoka kwenda Ubelgiji, na wakati wa vita vya pili vya dunia, Ujerumani ilipokuwa imeikalia Ubelgiji tangu 1940, mali ya Kongo ndiyo iliyoisaidia serikali iliyokimbilia London kuendelea kuishi.

Lakini ni lazima kusema pia kilichobaki. Kampuni ilihitaji umeme, ikajenga kituo cha Budana kwenye mto Shari, na umeme huo ukafika hadi Bunia. Ilihitaji wafanyakazi wenye afya, ikajenga hospitali Bambu, Mongbwalu na Watsa. Ilihitaji kupitisha malori, ikafungua barabara. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichojengwa kwa huruma. Vilijengwa kwa sababu mgodi haungetembea bila hivyo. Hata hivyo, miaka mingi baada ya wenye kampuni kuondoka, wagonjwa bado walilazwa katika hospitali hizo.

Hapo kuna somo la kwanza: kinachobaki mahali ni kile kilichojengwa juu ya ardhi, kwa mawe na nyaya, na watu waliojifunza kukitumia. Gramu za dhahabu zenyewe hazibaki.

Wakati wa Zaire: mali ya taifa bila matengenezo

Baada ya uhuru, waasi wa Simba walifika hadi huku mwaka 1964 na kazi za mgodi zikavurugika. Mwaka 1966 sheria ya Bakajika ilitangaza kwamba ardhi na vilivyo chini yake ni mali ya taifa, na tarehe 15 mwezi wa saba mwaka huohuo ikazaliwa OKIMO, ofisi ya serikali ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Wengi waliona kwamba sasa dhahabu imerudi kwa mwenye nayo.

Iliyokosekana ni tabia ya kurudisha sehemu ya faida katika mashine. Mwaka 1973 Mobutu alitangaza zairianisasyon: maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa kwa wananchi walio karibu na utawala. Mjini Bunia, maduka ya wafanyabiashara wa Kigiriki yalibadilisha mikono, na kama kwingine nchini, wengi waliopewa waliuza bidhaa zilizokuwemo bila kuagiza nyingine. OKIMO nayo ilizeeka hivyo hivyo. Pampu ikiharibika, kipuri hakuna; mshahara ukichelewa, mfanyakazi anatafuta njia yake.

Mwaka 1982 serikali ilikubali kilichokuwa kikifanyika tayari usiku: raia wakaruhusiwa kuchimba na kuuza dhahabu kwa mikono. Sheria ile ya kikoloni ikafa. Vijana walijaa Mongbwalu na vilima vyake. Wakatokea wenye mashimo wanaoitwa PDG, wanaolisha timu kwa mkopo hadi mchanga utoe kitu, na wanunuzi wadogo wenye mizani na kiberiti. Kwa mara ya kwanza pesa ya dhahabu ilizunguka ndani ya Ituri: ilisomesha watoto, ilinunua ng'ombe, ilijenga nyumba za mabati Bunia. Somo la pili liko hapa, na halipendezi wakubwa: kuwaruhusu watu wafanye kazi yao wazi kulileta nyumbani pesa ambayo miaka mingi ya kampuni haikuileta.

Upungufu ulikuwa upande wa pili. Serikali ilifungua mlango, lakini haikuweka mtu mlangoni. Hapakuwa na mafundi wa kufundisha namna ya kuzuia shimo lisiporomoke, wala mikopo isipokuwa ya PDG, wala soko la haki. Dhahabu ilifuata bei nzuri, na bei nzuri ilikuwa ng'ambo ya mpaka.

Vita: dhahabu inapolipa risasi

Mwaka 1998 jeshi la Uganda liliingia na kukaa hadi 2003. Ripoti za Umoja wa Mataifa zilieleza jinsi dhahabu ya kaskazini-mashariki ilivyotoka kupitia Uganda. Kisha makundi yenye silaha yakapigania Mongbwalu. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2005, lilihesabu raia wasiopungua 2,000 waliouawa katika eneo la Mongbwalu kati ya mwezi wa sita 2002 na mwezi wa tisa 2004.

Ripoti hiyo iligusa pia kampuni kubwa. AngloGold Ashanti, iliyokuwa na haki ya kutafiti Mongbwalu pamoja na OKIMO, ilikubali kwamba dola 8,000 zililipwa kwa kundi la FNI mwezi wa kwanza 2005. Kiwanda cha Metalor cha Uswisi kilisimamisha ununuzi wa dhahabu kutoka Uganda. Mwaka 2013 AngloGold Ashanti ilisitisha mradi wake wa Mongbwalu, na mgodi wa kisasa uliongojewa na vijana wengi haukufunguliwa.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda ilikuwa mtawala mvamizi katika Ituri. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili. Mfuko wa FRIVAO, wenye makao Kisangani, umepewa kazi ya kugawa fidia hizo. Familia za Ituri zinayo haki ya kuuliza sehemu yao imefika wapi.

Jirani yetu Kibali

Mwaka 2015 Mkoa wa Mashariki uligawanywa. Kilo ikabaki Ituri, Moto ikaenda Haut-Uele. Miaka miwili kabla, huko Doko, wilaya ya Watsa, mgodi wa Kibali ulikuwa umetoa dhahabu yake ya kwanza. Leo Barrick na AngloGold Ashanti zina asilimia 45 kila moja, na SOKIMO, mrithi wa OKIMO, ina asilimia 10. Mwaka 2019 Kibali ilitoa zaidi ya wakia 800,000, yaani karibu tani 25.

Kibali ina malalamiko yake: familia zaidi ya 4,000 zilihamishwa kupisha mgodi, wachimbaji wadogo walifukuzwa, na asilimia 10 ya taifa ni kidogo machoni pa wengi. Lakini iliacha vitu vinavyoonekana. Barabara kutoka Aru hadi Doko ilitengenezwa, na wafanyabiashara wa Aru wanaitumia. Vituo vitatu vya umeme wa maji, Nzoro II, Ambarau na Azambi, vimejengwa, na Azambi kwa sehemu kubwa ilijengwa na kampuni na wafanyakazi wa Kikongo. Fundi aliyejenga bwawa moja anaweza kujenga la pili mahali pengine.

Sheria inasema nini

Kodi ya madini iliyorekebishwa na kutiwa sahihi mwezi wa tatu 2018 iliweka hesabu ambayo kila mkaaji anaweza kuifanya. Dhahabu hulipiwa ushuru uitwao redevansi, asilimia 3.5. Chukua dhahabu ya dola milioni moja: redevansi ni dola 35,000. Nusu yake, 17,500, ni ya serikali kuu. Robo, 8,750, ni ya mkoa ambamo mgodi upo. Asilimia 15, yaani 5,250, ni ya sheferi, sekta au komini ya mahali penyewe. Asilimia 10 iliyobaki, 3,500, inawekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kampuni lazima itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na kuandika makubaliano na wenyeji juu ya shule, maji, barabara na afya.

Kwa hiyo redevansi ya Kibali inanufaisha Haut-Uele. Na Ituri? Dhahabu yetu nyingi inachimbwa kwa mikono na kuvuka mpaka bila karatasi, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanavyoandika mwaka baada ya mwaka. Gramu iliyotoka kimyakimya haimlipi chifu wala shule. Inamlipa mwenye bunduki kwenye kizuizi na mnunuzi wa mbali. Tangu ghasia zilipoanza tena Djugu mwishoni mwa 2017, na hata baada ya hali ya dharura ya kijeshi kutangazwa mwezi wa tano 2021, vilima vya dhahabu vimebaki kati ya vinavyogombaniwa zaidi.

Historia hii haisemi kwamba kampuni ni mbaya na serikali ni nzuri, wala kinyume chake. Kampuni hujenga pale inapolazimika kujenga. Serikali huleta faida pale inapokaa mlangoni: inalinda njia, inapima dhahabu kwa haki, inaruhusu mchimbaji mdogo afanye kazi yake mchana, na inaonyesha hesabu. Pale ambapo mmoja wao hayupo, bunduki huchukua nafasi yake.

Limebaki jambo moja linalogusa kambi za Bunia moja kwa moja. Sheria inataka makubaliano yaandikwe na jamii ya mahali. Ikiwa kilima kinapewa kampuni au kooperative wakati wenyeji wake wako Kigonze, nani anatia sahihi kwa jina lao? Machifu na wazee waliohama bado ni machifu na wazee wa vijiji vyao. Orodha za familia, mipaka ya mashamba na majina ya vilima yakiandikwa sasa, kambini, yatakuwa mikononi mwao siku meza itakapowekwa. Babu zao walibeba mizigo kutoka ziwani bila kuulizwa. Wajukuu wanayo sheria inayosema lazima waulizwe, hata kama leo wanaishi chini ya hema.