Ngozi iliyolegea baada ya kupungua uzito

Ngozi iliyolegea ni ngozi inayobaki ikining'inia baada ya mtu kupungua makumi ya kilo, iwe kwa upasuaji wa tumbo, dawa au kubadili mlo. Huonekana zaidi tumboni, mapajani, kifuani na kwenye mikono ya juu.

Chanzo chake ni kudhoofika kwa kolajeni na elastini, protini zinazoipa ngozi uimara na mnyumbuko. Ngozi iliyotanuka kwa miaka mingi hairudi yote, na umri, sigara na jua kali huzidisha hali hiyo. Si suala la urembo tu, na wanaolilalamikia hawastahili kubezwa: mikunjo hushika jasho, ngozi husuguana, ikachubuka, ikanuka na kuota fangasi. Mikunjo hiyo ioshwe kwa sabuni isiyo kali, ikaushwe kabisa, kisha itenganishwe kwa kitambaa cha pamba.

Kunyanyua vyuma hujenga misuli inayojaza sehemu ya nafasi iliyoachwa na mafuta. Krimu za kukaza haziondoi ngozi iliyozidi. Kinachoiondoa ni upasuaji. Daktari Howard Kelly wa Baltimore, Marekani, aliueleza ule wa kuondoa ngozi ya tumboni mwaka 1899. Waliopunguza uzito kwa upasuaji kwa kawaida husubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kuondolewa ngozi, uzito utulie kwanza. Kovu la kuondoa ngozi ni refu, na kwa kuwa keloidi, yaani kovu linalovimba kupita kiasi, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, aliyewahi kuota keloidi amweleze daktari mapema.