Daftari Mbili Zilizotoka Ndani ya Nyambizi

Wandugu, wengi wetu hii habari tuliionea kwanza kwenye filamu. U-571, filamu ya Marekani ya mwaka 2000: Wamarekani wanaingia ndani ya sous-marin ya Wajerumani, wanatoka na mashine ya siri. Filamu tamu, sikatai. Lakini si vile mambo yalipita. Walioingia ndani walikuwa Waingereza, na mara ile iliyobeba uzito mkubwa walikuwa watatu tu, mmoja wao kijana wa miaka 16. Tena walichotoa hakikuwa mashine. Zilikuwa daftari.

Tuanze na mashine, juu bila hiyo hatutaelewana. Enigma ilifanana na mashine ya kuandikia ya bureau. Unabonyeza A, taa ya K inawaka. Unabonyeza A tena, sasa inawaka T. Ndani mulikuwa magurudumu yenye kuzunguka kila unapobonyeza, na mpangilio wake ulibadilishwa siku kwa siku. Anayepokea ujumbe alipaswa kuwa na mashine ya namna ile ile, imepangwa vile vile. Watu wa kwanza kuivunja walikuwa Wapolandi, mwaka 1932, na Julai 1939 wakawapa Waingereza na Wafaransa ujuzi wao wote. Hilo watu hulisahau sana.

Enigma ya jeshi la majini ilikuwa ngumu kuliko zote. Hapo hesabu peke yake haikutosha, ilibidi kukamata vitu. Tarehe 9 Mei 1941 mabaharia wa manowari Bulldog waliingia ndani ya nyambizi U-110. Kiongozi wao, David Balme, alikuwa na miaka 20. Walipitisha vitu mkono kwa mkono mpaka juu, mashine pamoja na vitabu. Nyambizi ikazama kesho yake, na Wajerumani hawakujua kwamba kuna mtu aliyeingia.

Kisha tarehe 1 Februari 1942 nyambizi za Wajerumani katika Atlantiki zikaongezewa gurudumu la nne. Kule Bletchley Park, makao ya wavunja mafumbo Uingereza, giza likaingia. Miezi kumi nzima hawakusoma karibu chochote. Mwezi wa Novemba 1942 peke yake nyambizi zilizamisha meli zaidi ya 100.

Msiseme hayo ni mambo ya wazungu na bahari yao. Shaba ya Katanga ilipita bahari ile ile. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za madini ya uraniamu ya Shinkolobwe zilipakiwa Lobito, zikavuka Atlantiki mpaka New York, na mengine yakafuata miaka ya mbele. Jasho la wachimbaji wetu lilikuwa ndani ya meli zile.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe: 30 Oktoba 1942, bahari ya Mediterania, upande wa Port Said. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefukuza nyambizi U-559 mchana wote, zinatupa mabomu yenye kupasukia chini ya maji. Karibu saa nne na nusu za usiku nyambizi ikaibuka, imetoboka, Wajerumani wanaruka majini. Manowari Petard ikasogea karibu.

Luteni Anthony Fasson, miaka 29, na baharia Colin Grazier, miaka 22, walivua nguo wakaogelea mpaka kule. Tommy Brown akawafuata. Huyu Tommy hakuwa hata askari: alikuwa mfanyakazi wa kantini ya meli, mwenye kuuzia mabaharia sigara na vitu vidogo vidogo. Alidanganya umri wake ili apate ile kazi.

Fikirini ile hali. Giza, maji yanaingia kupitia matundu, na chombo kinaweza kuzama dakika yoyote. Fasson na Grazier wako chini, wanafungua makabati, wanatoa karatasi. Tommy anapanda ngazi na karatasi mkono mmoja, anazipitisha kwa wenzake walio ndani ya mtumbwi, anashuka tena. Mara tatu. Vitabu vile viliandikwa kwa wino wenye kuyeyuka majini, kwa hiyo vikilowa tu, basi. Wale wawili wakabaki wanajaribu kung'oa kifaa kimoja kilichofungwa ukutani. Tommy akiwa juu akawapigia kelele watoke. Walikuwa ndiyo wanaanza kupanda wakati nyambizi ilizama nao. Tommy aliokotwa majini.

Kati ya vile alivyopandisha, viwili njo vilivyokuwa na maana: kitabu cha ujumbe mfupi, na kitabu cha kufupisha habari za hali ya hewa, chapa ya pili. Vilifika Bletchley Park tarehe 24 Novemba.

Hali ya hewa! Hapa sisi wa agronomie tusikilize vizuri. Nani kati yetu hajajaza fishi ya mvua wakati wa stage, kila asubuhi, saa ile ile, kwa utaratibu ule ule: joto, upepo, mawingu, milimita? Ni kazi ya kuchosha, na hakuna anayeiona kuwa siri ya taifa. Nyambizi nazo zilifanya hivyo hivyo. Zilipima joto, upepo na mgandamizo wa hewa, zikafupisha yote kuwa herufi chache kwa kutumia kile kitabu, zikapitisha kwenye Enigma, zikatuma. Ofisi ya pwani ilichukua habari zile, ikazitangaza upya kwa mafumbo mengine, na hayo Waingereza walikuwa wanayasoma tayari. Kwa hiyo waliijua hali ya hewa iliyotumwa. Walichokosa ni kujua ilifupishwa kwa herufi gani, na kitabu cha Tommy kiliwaonyesha.

Kulikuwa na kosa lingine kubwa zaidi. Kwa ujumbe wa hali ya hewa, lile gurudumu la nne liliwekwa mahali ambapo halifanyi kazi yoyote, juu vituo vya hali ya hewa vilikuwa bado na mashine za magurudumu matatu. Mashine za Bletchley zilikuwa zimetengenezwa kwa magurudumu matatu. Ukishapata matatu kupitia hali ya hewa, kwa ujumbe mwingine wote wa siku ile unabaki na herufi 26 tu za kujaribu kwenye la nne. Hata mtoto wa sekondari anaweza kumaliza hiyo hesabu.

Tarehe 13 Desemba 1942 giza likatoka. Misafara ya meli ikaanza tena kuelekezwa mbali na nyambizi. Machi 1943 Wajerumani walibadilisha kitabu cha hali ya hewa na giza likarudi, lakini siku chache tu: safari hii kile kitabu cha ujumbe mfupi njo kiliwafungulia.

Mimi siamini kwamba Fasson alijua anashika nini. Aliona kitabu cha Kijerumani, akakitoa. Yeye na Grazier walipewa Msalaba wa George, wote wawili wakiwa wameshakufa, na Tommy akapewa Medali ya George. Baadaye umri wake wa kweli ukajulikana. Februari 1945 alikuwa nyumbani kwao North Shields, nyumba ikashika moto usiku. Alikufa akijaribu kumtoa dada yake mdogo, na mtoto naye hakupona.

Siri ya Bletchley ilianza kutangazwa waziwazi mwaka 1974, miaka 29 baada ya Tommy kuzikwa.