Ncha ya kielekezi na mifupa ya Museum Hill

Ukitoka katikati ya jiji kwa Uhuru Highway kuelekea Westlands, unafika Museum Hill, ambako jumba la makumbusho limesimama tangu mwaka wa 1930, wakati huo likiitwa Coryndon. Wengi wetu tunalijua kwa safari za shule. Leo hebu tulitazame kwa jicho la mprogramu, kwa sababu mifupa iliyomo imepimwa kwa wazo lilelile linalotumika kunasa mwendo wa watu kwa kamera.

Tuanze na kamera. Ili kunasa mwendo, mtu hubandikwa vitufe vinavyoakisi mwanga, kamera kadhaa huvifuata, na tarakilishi hutoa namba tatu kwa kila kitufe: x, y na z. Shida ni kwamba ngozi huteleza juu ya mfupa, na kitufe kilichobandikwa upande wa ndani wa goti hugongwa na goti la pili mtu akitembea.

Mwaka wa 1995 Aurelio Cappozzo na wenzake wa Italia walichapisha njia nadhifu ya kukwepa shida hii. Unabandika kundi la vitufe vitatu au zaidi mahali pasipo na usumbufu, tuseme kwenye paja. Kisha unachukua kijiti chenye vitufe viwili, A na B, na kwa ncha yake unagusa alama ya mfupa unayoitaka. A ndicho kilicho karibu na ncha, kwa umbali d, na vyote viko kwenye mstari mmoja. Basi:

ncha = A + d × (A − B) / |A − B|

Unaihifadhi ncha hiyo kwa kuipima kutoka kwenye kundi la paja, si kutoka kwenye pembe ya chumba. Ukiweka kijiti kando na mtu akaanza kutembea, programu bado inajua alama iko wapi katika kila fremu.

Hesabu ni rahisi. Kazi ni ya kidole kinachotafuta mfupa chini ya nyama. Mwaka wa 1999 Ugo Della Croce na wenzake walionyesha kwamba wataalamu tofauti wakitafuta alama zilezile za nyonga na miguu, hutofautiana kwa milimita 13 hadi 25. Kamera bora haiwezi kurekebisha hilo.

Sasa turudi Museum Hill. Kisukuku hakina ngozi wala nyama, kwa hiyo ncha inagusa mfupa wenyewe. Kwa miaka mingi watafiti walitumia kalipa, ambayo hutoa urefu kati ya alama mbili na basi. Miaka ya 1990 ukaja mkono wa Microscribe: kifaa chenye viungo kadhaa, kila kiungo kikisoma pembe yake, na tarakilishi ikikokotoa ilipo ncha. Unagusa, unabonyeza, unapata x, y na z. Umbo zima la fuvu likawa faili dogo la maandishi.

Kwetu Wakenya hili lilikuwa na uzito wake. Fuvu la Proconsul, alilolipata Mary Leakey kisiwani Rusinga mwaka wa 1948, lilipelekwa London likarudi mwaka wa 1982 tu, baada ya mvutano kama lilikuwa zawadi au mkopo. Kwa kielekezi, mfupa unabaki Nairobi na namba ndizo zinazosafiri.

Lakini je, namba zinatosha? Tazama Kijana wa Turkana, KNM-WT 15000, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka wa 1984. Ana takriban miaka milioni 1.5. Kitabu cha Alan Walker na Richard Leakey cha mwaka wa 1993 kilimchora kama kijana mrefu mwembamba. Mwaka wa 2020 Markus Bastir na wenzake walijenga upya kifua chake ndani ya tarakilishi, kwa alama nyingi zilizowekwa kwenye mbavu na uti wa mgongo, wakapata kifua kipana, kirefu kwenda ndani na kifupi kwenda chini. Mifupa ni ileile. Alama ndizo zilizobadilika.

Hapo ndipo penye somo. Ncha hurekodi tu kile ambacho mshikaji wake ameuliza. Faili la alama 20 za mwaka wa 1995 haliwezi kujibu swali la mwaka wa 2020, na faili lisiloeleza kila alama iliguswa wapi ni rundo la namba tu. Sisi waprogramu tunajua adha ya data isiyo na maelezo.

Kwa hiyo mfupa ubaki nyumbani, na kila anayeugusa aache nakala ya namba zake hapohapo, pamoja na maelezo ya kila alama. Gharama yake ni kilobaiti chache. Wewe msomaji ungezihifadhi kwa muundo gani?