Ufa Mdogo na Ukuta Mkubwa

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo lilinenwa juu ya nyumba, lakini historia ya programu za simu na kompyuta imelithibitisha upya.

Hapo kwanza, kila mwandishi wa programu alishughulika na sehemu yake peke yake kwa majuma au miezi. Siku ya kuunganisha kazi za wote ilipofika, sehemu hazikupatana, na ilikuwa taabu kujua kosa limetoka wapi. Katika mwaka wa 1999 Mmarekani Kent Beck alifundisha kitabuni kwamba kazi iunganishwe na kujaribiwa mara nyingi kila siku, ili kosa lionekane lingali changa.

Mwaka wa 2004 Kohsuke Kawaguchi, Mjapani aliyefanya kazi katika kampuni ya Sun Microsystems huko Marekani, alichoka kulaumiwa na wenzake kila makosa yake yalipovuruga kazi ya wote. Akaunda programu ya kuikagua kazi yake kabla wao hawajaiona. Aibu hiyo ilizaa chombo kilichoitwa Hudson, ambacho tangu mwaka wa 2011 kimeendelezwa kwa jina la Jenkins.

Mwezi wa Julai, 2008, kampuni ya Apple ilifungua duka la programu za simu. Hapo hatari iliongezeka, kwani programu yenye kosa ikiisha kuingia katika simu za watu ni maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Jinsi mkono wa mtu usivyotosha kwa kazi kama hiyo ilidhihirika katika biashara ya hisa. Fundi wa kampuni ya Knight Capital ya Marekani alipaswa kunakili programu mpya katika kompyuta 8. Moja ikampita, wala hapana mwenzake aliyekagua. Tarehe 1 Agosti, 2012, kompyuta hiyo iliamsha programu ya kale, na kwa dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400. Kabla ya mwaka kwisha, ilikubali kuunganishwa na kampuni nyingine.

Siku hizi kazi ya programu ya simu hupita hatua kwa hatua, kama maji katika bomba. Mwandishi akileta badiliko dogo, kompyuta huiunda programu upya, huijaribu, huitia sahihi ya mwenyewe, kisha huipeleka kwa wajaribu wachache kabla ya watu wote. Hatua moja ikishindwa, safari husimama. Felix Krause wa Austria alirahisisha safari hiyo alipoanza kutoa zana za fastlane mwaka wa 2014.

Walakini mashine hujaribu lile tu iliyoamriwa kulijaribu. Asiyefikiri kwanza atapitisha makosa yake kwa haraka zaidi. Basi, vijana, msimcheke fundi yule wa kompyuta 8. Kusahau ni hali ya kila binadamu. Mwenye busara ni yule ajuaye kwamba atasahau, akaweka ukaguzi mapema.